Chaki ya Papa Visiteur

Bibiane alikuwa ameinama juu ya beseni la samaki, ukingoni mwa ziwa Tshangalele, akiwafunua mashavu mmoja mmoja kuona kama bado ni mekundu, simu ilipolia ndani ya kitenge chake. Aliyepiga alikuwa Papy, mdogo wake. Alimwita mara mbili, "Yaya, yaya," yaani dada, kisha akanyamaza. Bibiane akaelewa kabla hajaambiwa.

"Sema, Papy."

"Baba ametuacha, yaya. Sasa hivi tu. Nilienda kumuamusha akunywe chai, nikakuta ameshaenda."

Bibiane hakulia. Aliuliza jambo moja, na aliliuliza kwa sauti kubwa hadi wanawake wengine wa samaki wakageuka kumtazama.

"Kichwa kilimuuma?"

"Hapana, yaya. Hakikuuma. Asubuhi ameandika kiduara, nimekiona minye mwenyewe. Amekula bukari yake, amelala, basi."

Bibiane akakaa chini palepale kwenye mchanga, magamba yakiwa bado mikononi, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Asante, Bwana." Wanawake wale walidhani habari imemchanganya akili. Haikumchanganya. Lakini ili mtu aielewe asante ile, inafaa amjue kwanza baba yake Bibiane, na ajue habari za kile kichwa.

Théodore Mukalay alizaliwa Panda, katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, akiwa mtoto wa nne wa fundi wa tanuri. Baba yake alitaka afuate kazi ya moto. Yeye alipenda reli. Alipofikisha miaka kumi na tisa akaingia kazini kwenye kituo cha mabehewa cha Shituru, na huko alibaki miaka thelathini na moja, hadi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kukagua mabehewa kabla treni haijaondoka. Kwa Kifaransa kazi hiyo huitwa "visiteur", na kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Papa Visiteur, hata watoto ambao hawakuwahi kumwona akiwa kazini.

Alitembea kandokando ya treni na nyundo ya mpini mrefu, akigonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Gurudumu lenye ufa hujibu kwa sauti fupi, kama mtu mwenye mafua. Baada ya kusikiliza alitoa chaki mfukoni na kuweka alama ubavuni mwa behewa, na mashinisti, yaani dereva wa treni, hakuthubutu kuvuta treni kabla hajaziona alama za Théodore.

Nyumbani tabia ile haikumtoka. Aligonga sufuria mpya kabla hazijapikiwa. Aligonga tikiti sokoni mpaka wauzaji wakamfukuza kwa mzaha. Mkewe, Mama Fidélie, alikuwa akiwaambia wageni, "Mukae vizuri, asije akawagonga na nyinyi." Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kanisani alikuwa shemasi na aliimba sauti ya chini, Jumamosi alifagia uwanja wa kanisa bila kuombwa, na mkewe alipofariki alikaa mwaka mzima bila kubadilisha mahali pa kiti chake.

Kiharusi, ambacho hospitalini walikiita AVC, kilimpata Jumapili asubuhi, akifunga vifungo vya shati aende ibadani. Mkono wa kuume ulianguka, mdomo ukaenda upande, na Bibiane, aliyekuwa akiishi naye pamoja na Papy, alimdaka kabla hajagonga meza. Alilazwa hospitalini wiki tano. Mungu alimrudisha nyumbani, lakini alimrudisha na mguu unaoburuta, mkono wa kuume uliolala, na neno moja tu kinywani: "bon".

"Bon" ilikuwa ndiyo na hapana. "Bon" ilikuwa maji, na choo, na dirisha lifungwe. Papy alikuwa akimtania: "Baba, zamani ulikuwa na maneno makumi mbili kwa siku, sasa umepunguza tena?" Na mzee alicheka kwa ule upande wa uso uliobaki.

Siku ya kutoka hospitalini, muuguzi alimwambia Bibiane jambo ambalo halikumtoka tena moyoni. "Kichwa kikimuuma ghafla na kwa nguvu, umlete mbio. Usingoje." Bibiane aliitikia. Walipofika nyumbani ndipo alipojiuliza: mtu asiye na neno atamwambiaje mwenzake kwamba kichwa kinamuuma, na kwamba maumivu haya ni ya kawaida, au ni yale ya kuua?

Huo ndio ulikuwa woga wake. Hakuogopa sana kifo chenyewe, maana alikuwa muumini, na baba yake alikuwa mtu aliyejiweka tayari. Aliogopa kwamba baba angekufa akiwa na maumivu asiyoweza kuyasema, na yeye akiwa amekaa pembeni akimenya mihogo.

Na kichwa kilianza kuuma kweli. Mwezi wa pili baada ya kiharusi, mzee alianza kushika paji la uso kwa mkono wa kushoto na kufumba macho. Bibiane alimkimbiza hospitalini kwa teksi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara walimpima wakasema si kiharusi kingine, warudi nyumbani. Basi Bibiane akafanya alichoweza. Alinunua vidonge vya maumivu kwenye famasi ya mtaani, akampa asubuhi, mchana na jioni, baba asije akakosa. Hakuna binti Shituru aliyemhudumia baba yake kwa bidii kuliko yeye. Kila mtu alisema hivyo.

Kisha zikaonekana alama.

Zilikuwa kwenye mlango wa chumba cha mzee, chini, pale ambapo mkono wa mtu aliyekaa kitini unafika. Viduara, mistari, misalaba iliyolala. Zilichorwa kwa mkono wa kushoto unaotetemeka. Chaki alikuwa ameipata mwenyewe katika mfuko wa koti lake la kazi, lililoning'inia nyuma ya mlango tangu alipostaafu. Bibiane alizitazama akadhani ni ugonjwa: akili inarudi utotoni. Angeziacha, lakini Jumatano wakaja mama wa kikundi cha maombi, wakiongozwa na Maman Rosalie.

Maman Rosalie alikuwa mwanamke wa imani na wa sauti. Alisimama mbele ya mlango, mkono kiunoni.

"Bibiane, nani amechora hivi?"

"Ni baba, Maman."

"Baba yako? Shemasi?" Akasogea, akarudi nyuma. "Misalaba imelala namna hii! Hapana, mwanangu. Hii haikuya kwa muntu wa Mungu yenyewe tu. Iko kitu kinamushika mukono."

Waliomba kwa nguvu, wakaimba, wakapiga makofi. Halafu Bibiane akaleta maji ya sabuni akausugua mlango mpaka mbao zikabaki zikinukia. Mzee alipoona hivyo alipiga mkono wa kiti. "Bon! Bon! Bon!" Machozi yakamtoka. Maman Rosalie akatikisa kichwa: "Mnaona? Kinapinga."

Mzee aliandika tena. Bibiane akafuta tena. Mara ya tatu alimnyang'anya chaki. Alimfungua vidole kimoja kimoja, akampiga busu kwenye kipaji, akaitupa chaki uani. Alifanya hivyo kwa upendo, na hata leo bado anavikumbuka vile vidole.

Siku mbili mzee hakula. Aligeuza kiti akatazama ukuta.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, na mchana akaja Mahamudu. Huyu alikuwa mashinisti wa zamani, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa hapeleki treni yake popote bila alama za Théodore. Alikuwa amesafiri kwa watoto wake Kolwezi tangu kabla ya kiharusi, na ndiyo kwanza amerudi. Aliingia akipaza sauti tangu uani.

"Visiteur! Treni yangu inangojea tangu saa sita! Unaniachilia nitoke, ao tunalala hapa?"

Mzee hakugeuka. Mahamudu akamtazama Bibiane, akashusha sauti, "Ni hasira?" Kisha akainama avue viatu, kwa kuwa hakuwahi kuingia na viatu katika chumba cha mtu. Alipoinama aliona, chini kabisa kwenye fremu ya mlango, alama tano ambazo sabuni haikuzifikia. Akabaki ameinama, kiatu kimoja mkononi.

"Nani amekagua mulango huu?"

"Ni baba, Papa Mahamudu. Utusamehe. Tangu AVC akili yake haiko sawa. Tulisafisha, hizo zilibakia. Bamama ba maombi walisema ni alama za shetani."

"Za shetani?" Mahamudu alicheka mpaka akashika ukuta. "Binti yangu, kama hizi ni za shetani, basi shetani njo alipitisha treni zangu zote, na sikuanguka hata siku moja!" Halafu kicheko kikakatika. Akazisoma tena, kidole kikipita juu yake. "Kiduara, behewa iko muzuri, liende. Musitari moja, liende lakini tuliangalie. Musalaba umelala hivi, hapana, lisitembee, litolewe mu treni. Angalia, binti. Musalaba. Musalaba. Musitari. Musalaba. Musalaba. Muntu huyu anakuambia kitu."

Bibiane akainama kando yake, akazitazama upya.

Mahamudu akamzunguka rafiki yake, akachuchumaa mbele ya kiti, kati yake na ukuta. "Visiteur. Ni magurudumu?" Akagonga goti lile bovu. Mzee akatikisa kichwa. "Ni mashine?" Akamgusa kifua. Mzee akatikisa kichwa. Ndipo Mahamudu akaweka vidole viwili kwenye paji la uso wake, upande wa kushoto, taratibu, kama mtu anayepima kama chuma bado ni cha moto. Mzee akafumba macho. Akaushika mkono wa rafiki yake kwa mkono wake mzima na kuubana palepale.

"Bon," alisema.

Hakuna aliyehitaji kuuliza maana yake.

"Mara ngapi umesafisha?" Mahamudu aliuliza bila kumtazama Bibiane.

"Mara tatu."

Alikuwa amefuta barua za baba yake mara tatu. Alipiga magoti miguuni pake, akasema, "Baba, sikujua. Minye sikujua." Mzee aliweka mkono juu ya kitambaa cha kichwa chake, akagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, na ule upande mzima wa uso wake ukatabasamu. Mahamudu akasema, "Amekupitisha. Uko muzuri. Sasa enda mutafutie chaki."

Jumatatu Papy alipaka ubao rangi nyeusi akaupigilia ukutani, karibu na kiti. Kila asubuhi alipoamka, kila mchana, na kila jioni kabla ya kulala, mzee aliweka alama yake. Bibiane alizinakili katika daftari la shule, tarehe na alama, na pembeni akaandika mambo ya siku ile: alichokula, vidonge alivyomeza, kama wageni walikuwa wengi. Hakukosa hata siku moja. Baada ya wiki sita alilichukua daftari na kumpeleka baba kwa daktari, mwanamke kijana aliyeitwa Docteur Arielle.

Daktari alimpima mzee shinikizo la damu, akamwangalia macho, akamtembeza, akatazama tena picha ya kichwa iliyopigwa Lubumbashi wakati wa kiharusi. Kisha akafungua daftari, akalisoma ukurasa baada ya ukurasa.

"Nani ameandika hii?"

"Baba ameandika ku ubao. Minye nimenakili."

"Watu wengi waliopata AVC wanabaki na maumivu ya kichwa, mama. Ni ya kweli, hayatoki kwa mapepo, na si kila maumivu ni AVC nyingine. Lakini angalia hapa. Kila asubuhi musalaba. Anameza kidonge, musalaba unakuwa mustari. Jioni musalaba unarudi. Kila siku vile vile, wiki sita. Anameza vidonge vingapi?"

"Asubuhi, mchana na jioni. Sikumunyima hata kimoja, docteur."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa ugonjwa. Sasa ni miezi nane."

Docteur Arielle akaweka kalamu chini. "Hujafanya vibaya kwa makusudi. Lakini kichwa kinachopewa dawa ya maumivu kila siku kinazoea. Dawa ikiisha nguvu, chenyewe kinaanza kuuma. Unampa tena, kinatulia kidogo, kinauma tena. Ni kama kuzunguka mlima bila kuupanda. Dawa za shinikizo la damu na ile ya kulinda asipate AVC nyingine, hizo asiache hata siku moja. Hivi vya maumivu tunaviacha. Wiki mbili za kwanza zitakuwa ngumu, mimi nitamwona kila wiki. Na lile muuguzi alilokuambia halijafutika: kikija kwa kishindo, kama hakijawahi kuuma vile, ao mdomo ukienda upande tena, unamleta siku hiyo hiyo."

Bibiane alimrudisha baba nyumbani akiwaza jambo moja. Aliyemuumiza baba ni yeye. Alimwambia Papy hivyo, na Papy, ambaye hajui kubembeleza, alisema tu, "Basi sasa tuache kumuumiza."

Zilikuwa ngumu kweli zile wiki mbili. Misalaba ubaoni ilifuatana kama mabehewa. Mzee alitapika, akakataa mwanga, akamtazama binti yake kwa macho ya kuomba, na Bibiane alikuwa na pakiti nzima ya vidonge ndani ya kabati. Siku ya sita aliifungua. Alisimama nayo mkononi, kidonge kimoja tayari kwenye kiganja. Kisha akatoka uani, akavimwaga vyote ndani ya choo, akarudi, akamkanda baba yake shingo kwa maji ya uvuguvugu huku akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona.

Maman Rosalie alikuja wiki ile. Alikuwa amesikia kutoka kwa Mahamudu, ambaye hakumpunguzia maneno. Safari hii hakuja na kikundi. Aliweka kapu la viazi vitamu mlangoni, akaingia, akakaa kwenye mkeka.

"Papa Théodore, nilikuita na pepo. Unisamehe. Mudomo wangu ulitangulia."

Mzee alimtazama. Akachukua chaki, akavuta mkoba wa ngozi ambao Maman Rosalie alikuwa ameuweka chini, akauchora mstari mmoja ubavuni.

"Ni nini hii?" Maman Rosalie aliuliza.

"Uende, lakini tutakuangalia," alisema Papy, na chumba kizima kikacheka, mzee naye, ingawa alishika kichwa huku anacheka.

Siku ya kumi na saba, asubuhi, kikatokea kiduara. Kilikuwa kidogo, kimepinda, karibu kifanane na yai. Bibiane alikiona alipoleta uji, akakaa kitandani na bakuli mapajani. Alikinakili katika daftari na pembeni hakuandika kitu.

Kichwa hakikupona kabisa, na ni vizuri kusema kweli. Siku za joto kabla ya mvua, au baada ya wageni wengi, mstari ulirudi, na mara moja moja msalaba. Lakini sasa Bibiane aliujua. Alijua lini afunge pazia na lini asubiri, na siku moja, alipoona misalaba miwili mikubwa na mkono umezidi kulegea, alimkimbiza hospitalini akafika kwa wakati. Woga ule wa kwanza ulimtoka taratibu. Aliweza kwenda ziwani kununua samaki na kurudi, akijua kwamba kama baba anaumia, kuna mahali atasema.

Miaka miwili na zaidi waliishi hivyo. Mzee aliwakagua wote. Bibiane akiamka amechoka, alikuta mstari wa chaki mgongoni mwa mkono wake, naye akacheka akalala nusu saa tena. Mahamudu alikuja kila Ijumaa akadai apewe ruhusa ya kuondoka. Jioni Papy alisoma Zaburi, na mzee aliitikia "bon" mahali pa amina. Nyumba ile haikuwa na huzuni. Watu waliokuja kumpa mzee pole waliondoka wakiwa wamechangamka, na wengi wao wamechorwa.

Alifariki Jumanne, mchana, katika usingizi. Daktari alisema moyo ulichoka. Bibiane alirudi kutoka Tshangalele juu ya lori la samaki, na alipoingia chumbani alimkuta amelazwa chali, uso umenyooka pande zote mbili. Alimgusa paji la uso. Lilikuwa limetulia.

Kilio kilikaa nyumbani siku mbili. Mama wa kanisa walipika, na Maman Rosalie ndiye aliyeongoza nyimbo. Alhamisi saa tatu mwili ulitoka nyumbani ukapelekwa kanisani, ambako pasta alisoma Zaburi ya ishirini na tatu na Papy akaeleza maisha ya baba kwa maneno machache, maana alishindwa kuendelea. Mahamudu alisimama nje ya mlango na wazee watatu wa reli, kofia zao mikononi, hadi ibada ilipokwisha, kisha wakasaidia kubeba jeneza.

Makaburini jua lilikuwa kali na udongo mwekundu ulikuwa mkavu. Walimshusha karibu na Mama Fidélie. Pasta aliomba. Papy alitupa udongo wa kwanza, akafuata Bibiane. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha pale, lakini alipofika ukingoni aliona hakuna alilobakiza. Yote walikuwa wameshayasema, yeye na baba yake, wakiwa hai. Akasema asante, akafungua kiganja, udongo ukashuka.

Vijana wa kanisa walijaza kaburi kwa koleo, wakapanda msalaba wa mbao wenye jina na miaka yake. Wakaimba wimbo mmoja. Watu wakaagana na familia, wakarudi Shituru kwa miguu na kwa magari, wakanawa mikono getini, wakakaa kula.